Gari Lililoacha Kulia

Maiti ilikuwa imesimama.

Inspekta alisita pale chini ya mteremko, mkono wake ukiwa bado umeshika mlango wa gari la polisi. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeulalia ua mzima, na ndani ya ukungu ule mtu alionekana ameegemea geti la chuma kama anayesubiri mgeni. Kidevu chake kilikuwa kimeinamia kifua. Mikono yake miwili ilikuwa imelala juu ya boneti.

Inspekta aliposogea ndipo alipoona kilichomsimamisha. Gari lilikuwa limenyanyuliwa kwa springi ndefu na matairi mapana, la watu wanaopenda kupanda milima na kuvuka mito. Bampa lake la chuma lilimfikia marehemu kifuani. Lilikuwa limembana kwenye geti na kumwacha hapohapo.

Hakukuwa na damu nyingi. Hilo lilimtisha zaidi.

"Nani amemgusa?" aliuliza.

"Hakuna, afande," alijibu konstebo wa zamu, ambaye kwao ni mtaa uleule.

"Na gari?"

"Gari ndiyo kabisa. Nani aliguse hili?"

"Kwa nini unasema hivyo?"

Konstebo alitazama viatu vyake. "Utaambiwa, afande. Hapa kila mtu anajua."

Mpiga picha wa polisi alipomaliza kazi yake, Inspekta alivaa glovu akalizunguka gari. Milango yote ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Alipekua suruali ya marehemu na kuukuta ufunguo huo mfukoni. Akachungulia kioo cha dereva. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa hadi mwisho. Gia ilikuwa imetiwa namba moja. Boneti ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Aliinuka taratibu. Gari limevutwa breki, limetiwa gia, limefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliyekufa. Na bado lilikuwa limetoka mlangoni mwa nyumba, kule juu, likashuka mpaka getini.

Akatazama ardhi. Ilikuwa imelowa, na matairi yalikuwa yameacha alama safi tangu juu hadi chini, kila jino la tairi limejichora kama muhuri. Gari lililoshikwa na breki likiteleza hukwaruza udongo. Hili halikukwaruza chochote. Magurudumu yake yalizunguka kwa raha zao, kama vile kuna mtu ndani aliyeliachia.

Mwili ulimsisimka. Akajifanya anafunga vizuri koti lake.

*

Mama wa marehemu alikuwa amekaa barazani, amejifunika shuka hadi shingoni. Hakuwa analia. Macho yake yalikuwa yanalitazama gari kule chini jinsi mtu anavyomtazama mbwa asiyemwamini.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, binti yangu. Kaa." Alimwacha Inspekta akae kwanza. "Mimi nimezaa wawili tu. Mkubwa na Mdogo, ndivyo watu walivyowaita hadi wakaota ndevu. Sasa niambie kitu kimoja, kingine sikitaki. Mkubwa ndiye amemuua mdogo wake?"

"Mkubwa yuko wapi, mama?"

Mama alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya nyumba, kwenye ukungu, palikuwa na kaburi lililosakafiwa kwa saruji.

"Tangu mwaka jana," alisema. "Alikufa na gari hilihili. Lilimtupa bondeni. Mdogo akalikusanya vipande vipande, akalitengeneza, akalirudisha nyumbani. Tangu siku hiyo linalia."

"Linalia vipi?"

"Muulize mkwe wangu. Mimi nikisema wanadhani nimezeeka."

Mkwe alikuwa mjane wa Mkubwa, mwanamke mrefu aliyekuwa bado amevaa aproni ya kiwanda cha mikate. Ndiye aliyetoka kazini asubuhi ile akamkuta shemeji yake getini.

"Ni kweli linalia," alisema, akikunja mikono. "Likianza kupanda mlima tu, unasikia chini ya sakafu. Kwanza mngurumo mdogo, halafu unapanda, unapanda, mpaka unakuwa kama mtu aliyefungiwa chumbani anaomba afunguliwe. Likifika nyumbani linanyamaza. Mimi nilikuwa naingia ndani na kuziba masikio. Mama alikuwa anatoka nje kulisikiliza."

"Mwanangu namjua kwa sauti," mama alisema.

"Leo asubuhi, mama, ulisikia nini?"

"Kokoto zikisagika. Halafu geti. Injini sikuisikia."

"Kulikuwa na mtu mwingine hapa?"

"Kama yupo, sikumwona. Nilikuwa chumbani kwangu, nyuma kule."

Inspekta alimgeukia mjane. "Ulikuwa na ugomvi na shemeji yako?"

"Shemeji yangu ndiye aliyenifariji." Alisema hivyo bila hasira. "Ugomvi wangu ulikuwa na mtu mmoja tu, yule fundi aliyemfungia mume wangu propela fupi, hicho chuma cha chini ya gari. Na yule nilishamalizana naye."

Mama alinyanyua mkono, mazungumzo yakakoma.

"Wanataka kulichimba kaburi la huyu kando ya lile," alisema. "Nimekataa. Siwezi kulaza watu waliouana bega kwa bega, hata kama wote nimewazaa mimi. Ukiujua ukweli, uje uniambie wewe mwenyewe. Mpaka hapo mwanangu atakaa kwenye jokofu la hospitali. Nimemaliza."

"Marehemu hawaui watu, mama."

"Basi nitafutie aliye hai."

*

Breki na gia viliachiwa, gari likasukumwa nyuma kidogo, mwili ukapelekwa chumba cha maiti, na familia nzima ikaufuata. Konstebo aliachwa kulinda gari hadi litakapochukuliwa.

Kesho yake Inspekta alirudi na mkaguzi wa magari wa polisi, mzee mnene aliyependa kuzungumza na injini kuliko na watu. Mkaguzi alilirudisha gari mlangoni mwa nyumba, pua ikitazama geti. Akazima, akavuta breki ya mkono, akashuka.

"Tusukume," alisema.

Walisukuma wote watatu, konstebo akitumia ncha za vidole. Gari halikutikisika. Wakaleta gari la polisi, wakalisukuma kwa nyuma. Matairi yalikwaruza udongo na kuacha mistari miwili mibaya, lakini hayakuzunguka hata kidogo.

"Breki nzima," mkaguzi alisema. "Nzima kabisa. Hapa hapashuki kitu."

Inspekta alizitazama alama za jana, zile safi, zikiwa kando ya mistari hii mipya. Gari lilelile, mteremko uleule. Hakupenda alichokiona.

"Tulipandishe mlima," alisema. "Nataka kulisikia."

Waliingia. Barabara ya mlimani ilikuwa nyembamba na mawe yake yalikuwa yanameta kwa unyevu. Inspekta alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani, akisubiri sauti. Mkaguzi alikanyaga mafuta. Gari likapanda kona ya kwanza, likapanda ya pili. Ukungu ukafunguka mbele na kufunga nyuma yao.

Kimya. Injini iliunguruma kama injini yoyote, basi.

Wanawake waliokuwa wanachota maji bombani waliacha ndoo zao zikifurika. Mmoja wao alisogea karibu na dirisha, akatega sikio, kisha akatikisa kichwa.

"Halilii tena," alimwambia Inspekta kwa sauti ya chini. "Limeshiba."

Mkaguzi alicheka. Inspekta hakucheka. Alikuwa anajiuliza swali ambalo lilimtoa baridi mwilini na kumrudisha kazini: kama si mzimu uliolia, ni nini kililia, na nani amekituliza?

"Simamisha," alisema. "Niambie. Gari hili breki yake ya mkono inashika wapi?"

"Haishiki magurudumu kama magari ya mjini, afande. Inashika hapa katikati, nyuma ya gia boksi. Inaikamata propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kwenye difu, mashine inayozungusha magurudumu ya nyuma. Propela ikikamatwa, magurudumu ya nyuma yanakamatika."

"Na gia?"

"Nayo inapitia palepale."

"Na kama propela ikifunguliwa?"

Mkaguzi alitoa mkono kwenye usukani. "Basi hata ukivuta breki mpaka ing'oke, unajidanganya. Magurudumu yako huru. Lakini propela ipo, afande. Isingekuwepo tusingefika hapa."

"Leo ipo," Inspekta alisema.

*

Waliporudi uani, konstebo alitafutwa akaletwa mbele ya Inspekta. Alisimama wima, jasho likimtoka wakati watu wengine wanatetemeka kwa baridi.

"Jana mchana, tulipokwenda hospitali, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye lindo, afande."

"Wapi hasa?"

"Barabarani. Chini ya ukuta."

"Huko unaliona gari?"

"Hapana, afande."

"Uliambiwa ulinde gari au ulinde ukuta?"

"Nilianza karibu nalo, afande, haki ya nani. Baadaye nikasikia vyuma."

"Vyuma gani?"

"Chini yake. Vinagongana, ngo, ngo, halafu kimya, halafu tena. Nikajua ni yeye anatoka. Nikasoma dua zote ninazozijua, zikaisha, na vyuma bado. Ndipo nikahamia barabarani."

"Hukuinama kuangalia?"

"Niinamie mzimu, afande, nimwambie nini?"

Mkaguzi aligeukia pembeni kuficha kicheko. Inspekta alimwambia konstebo akae.

"Ulikuwa umemshika muuaji kwa masikio," alisema. "Ungeinama tu."

Gari lilikuwa limeinuka juu kiasi kwamba mkaguzi, pamoja na tumbo lake, aliingia chini bila jeki. Inspekta akamfuata. Chini kulikuwa na giza na harufu ya udongo. Kila kitu kilikuwa kimefunikwa na tope lililokauka, isipokuwa propela ya nyuma. Nati zake nne upande wa difu zilikuwa zinang'aa. Viungo vyake vilikuwa vimepigwa grisi mpya, na grisi iliyozidi ilikuwa imepanguswa kwa kitambaa, safi kama mdomo wa mtoto aliyelishwa.

"Tazama hapa," mkaguzi alinong'ona, kama aliye msikitini. "Propela hii ni vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine kwa meno, ili iweze kurefuka na kufupika gari linaporuka. Unaiona mishale hii miwili? Lazima itazamane. Ukivitenganisha vipande na kuvirudisha ovyo, viungo vya mbele na nyuma vinapishana, propela inatikisika, na gari linalia. Linalia hasa likipanda mlima."

"Sasa inatazamana."

"Inatazamana vizuri sana. Na meno yamekwaruzika upya. Mtu aliitenganisha juzijuzi akaigeuza."

Inspekta alilala chali pale chini, akiitazama mishale. Mtu alikuwa ameifungua propela ili gari lishuke na kuua. Kisha, watu wakiwa hospitalini, alikuwa amerudi kuifunga ili kila kitu kionekane kizima. Hayo aliyaelewa. Lakini mtu anayeogopa kukamatwa hufunga haraka na kukimbia. Huyu alikaa akapaka grisi na kusahihisha mishale, wakati konstebo anasoma dua hatua chache kutoka kichwani mwake.

"Fundi gani hawezi kuondoka na kazi mbaya hata akiwa anaua?" aliuliza.

Mkaguzi alikuwa amewasha tochi, anaikagua sehemu iliyochomelewa. Kando ya chomeleo kulikuwa na nukta tatu zilizopigwa kwa patasi.

"Hii ni alama ya Milimita," alisema polepole. "Yule fundi wa propela. Lakini haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Mwaka jana mimi ndiye niliyeteremka bondeni kulikagua gari hili. Propela niliyoikuta ilikuwa ya zamani, fupi, imechomoka kwenye meno yake. Watu wote walisema Milimita ndiye aliyeifunga. Yeye aliapa kwamba alifunga ndefu, aliyoitengeneza kwa mkono wake. Hakuna aliyemsikiliza. Sikumsikiliza hata mimi." Mwanga wa tochi ulisimama kwenye zile nukta tatu. "Ndiyo hii, afande. Imetoka wapi?"

Kwenye grisi, karibu na nati ya mwisho, kulikuwa na alama ya kidole gumba. Inspekta aliamuru ipigwe picha na kuchukuliwa.

*

Gereji ya Milimita ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi, baada ya karakana mbili zilizofungwa. Ndani hapakuwa na gari hata moja. Zana zilikuwa zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na sakafu ilikuwa imefagiwa. Palikuwa safi kama nyumba ambayo watu wamehama.

Fundi mwenyewe alikuwa mwembamba, na alikuwa na tabia ya kupima kitu kwa macho kabla ya kukishika. Alimpima Inspekta vilevile.

"Karibu, mama. Gari liko wapi?"

"Gari halipo. Nimekuja kuuliza." Inspekta alivuta kiti. "Mtu amenyanyua gari lake, springi ndefu, matairi makubwa. Propela ya nyuma achague ipi?"

Uso wa fundi ulibadilika. Inspekta aliona nuru ikiingia humo, nuru ya mtu ambaye hajaulizwa jambo la maana kwa muda mrefu.

"Kwanza asinunue kwa kuangalia picha," alisema. "Watu wanakosea hapo. Apime. Na asipime gari likiwa juu ya jeki, apime limesimama kwa miguu yake, na uzito wake, na mizigo anayobeba siku zote. Gari likinyanyuliwa, difu inabaki chini, gia boksi inapanda, propela inasimama mwinamo mkali. Ile ya zamani inakuwa fupi. Barabara nzuri huoni kitu. Siku gurudumu likining'inia kwenye shimo, inachomoka kwenye meno."

"Halafu?"

"Halafu huna breki ya mkono, huna gia ya kukushika mteremkoni. Halafu mtu anakufa. Kwa hiyo unampa ndefu, bomba nene, na upande wa juu unampa kiungo mara mbili ili mwinamo ugawanyike. Unaisawazisha kwenye mashine. Unapiga grisi. Ikitoka hapa, isipofika miaka kumi nirudishie."

"Kama uliyomtengenezea Mkubwa."

Fundi alichukua kitambaa, akaanza kujifuta mikono iliyokuwa safi.

"Wewe ni polisi."

"Ni polisi. Una haki ya kutosema neno, na utakachosema kitaandikwa. Juzi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Nani alikuona?"

"Nani anakuja hapa, mama? Tangu mwaka jana mimi ni muuaji. Hata wauza karanga wanavuka barabara."

"Hujafika nyumbani kwa kina Mkubwa?"

"Nilipigwa marufuku. Waulize."

Inspekta aliinuka kama anayetaka kuondoka. Kufikia mlangoni akageuka.

"Propela yako tumeiona chini ya lile gari. Jana nimelipandisha mlimani. Samahani kwa kusema hivi, fundi, lakini ni kazi mbovu. Linalia kama kitu kinachochinjwa."

"Haliwezi kulia," fundi alisema.

"Nimelisikia kwa masikio yangu."

"Mama, haliwezi. Lilikuwa linalia kwa sababu yule alipachika mishale upande upande. Sasa imetazamana, nimehakikisha kwa..."

Alisimama hapo. Kitambaa kilimwanguka mkononi. Nje, mbali, mtu alikuwa anagonga bati.

"Halilii," Inspekta alisema kwa upole. "Limenyamaza kabisa. Ni kazi nzuri. Kaa chini, fundi, uniambie."

Milimita alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Aliniita yeye mwenyewe," alianza. "Mdogo. Kwa siri, nipitie geti la chini, shemeji yake asinione. Anasema gari linalia, mama yake anasema ni Mkubwa, hapati usingizi, naomba uliangalie. Nikaenda. Niliingia chini nikaona nukta zangu tatu."

"Ukamuuliza?"

"Nikamuuliza. Akalia. Akasema aliiazima. Yeye na kaka yake walikuwa na magari mapacha, unajua? Alikuwa na mashindano ya kupanda milima, akataka propela imara. Akaichomoa kwa kaka yake, akamrudishia ile kuukuu, asimwambie. Alidhani atairudisha kabla Mkubwa hajasafiri. Mkubwa akasafiri mapema. Alipolitengeneza hili la kaka yake baada ya ajali, ndipo akairudisha, tena ovyo."

"Ilikuwa bahati mbaya."

"Hiyo ndiyo bahati mbaya, ndiyo. Ningeisamehe." Sauti yake ilibaki ileile, kavu. "Mkubwa alikuwa rafiki yangu. Siku ya mazishi nilikwenda na koleo langu kumfukia. Mkewe akanitemea mate mbele ya watu wote, akaniambia niondoke nisije kulichafua kaburi. Mdogo alikuwa amesimama pale, mama. Ananiangalia. Anajua propela yangu iko chini ya gari lake. Akainamisha kichwa. Mimi nikachukua koleo langu nikaondoka. Mke wangu alivumilia miezi, akaenda kwao. Wateja nimekwambia."

"Ulitaka nini kwake?"

"Aseme. Nilimwambia, twende sasa hivi barazani, umwambie mama yako mbele yangu, basi, nitalitengeneza gari bure na sitakutaja popote. Akakataa. Akasema mama atakufa. Akaniambia nirudi asubuhi nyingine nilitengeneze, kisha tusahau. Tusahau." Alilirudia neno hilo kama anayelipima urefu. "Nikarudi. Alikuwa amelifunga kwa ufunguo, amelivuta breki, ufunguo mfukoni. Kwa kazi ya chini sikuuhitaji. Nikaweka jiwe kwenye gurudumu, nikafungua bolti nne, nikaifunga propela juu kwa waya. Nikamuuliza mara ya mwisho, utasema? Akasema, fundi, achana na mambo ya marehemu. Akateremka kunifungulia geti ili niondoke. Nikavuta jiwe."

"Hakusikia?"

"Alisikia kokoto. Akageuka, akanyoosha mikono kama mtu anayemzuia ng'ombe." Fundi alifumba macho. "Halikutoa sauti hata moja. Mwaka mzima linalia, siku hiyo likanyamaza. Mimi mwenyewe niliogopa."

"Ukaruka ukuta."

"Ule wa nyuma. Mchana nikarudi kupitia hapohapo. Askari alikuwa anaomba Mungu. Nikafunga bolti zote nne, nikawa nimemaliza, naweza kwenda zangu. Ndipo nikaona mishale imepishana." Alimtazama Inspekta, na kwa mara ya kwanza alionekana kutaka aeleweke. "Ile ni kazi yangu. Nilimtengenezea rafiki yangu. Nikasema haiwezi kukaa hivyo. Nikafungua upya."

Alinyoosha mikono yote miwili mbele. Pingu zilipolia, alizitazama kwa makini, kama anayekagua zimefungwa sawasawa.

*

Alama ya kidole gumba ilioana na kidole cha Milimita. Maelezo yalisainiwa. Lakini Inspekta alipolipandisha gari la polisi kwenye mlima ule, alijua kazi iliyobaki ni ngumu kuliko hiyo. Aliulizwa swali moja, na jibu lake alikuwa nalo: hapana, Mkubwa hakumgusa mdogo wake. Angeweza kusema hivyo, akapewa maji ya kunywa, akaondoka. Yaliyobaki mama angeyasikia mahakamani, mbele ya watu, kutoka kinywani mwa aliyemuua mwanawe.

Ukungu ulikuwa bado upo. Nyuma ya nyumba wanaume wawili walikuwa wamekaa juu ya majembe yao, wanasubiri. Mjane alisimama nyuma ya kiti cha mama.

"Umejua?" mama aliuliza.

"Nimejua. Mkubwa hakumgusa mdogo wake, mama. Ni mtu aliye hai. Amekiri."

Mama alishusha pumzi ndefu. Shuka ikamteleza begani na hakuipandisha.

"Nani?"

"Fundi Milimita."

"Nilijua," mjane alisema. "Nilijua yule ana roho ya..."

"Kwa nini?" mama aliuliza, akimnyamazisha.

Inspekta alipiga magoti ili macho yao yalingane. Alimweleza yote, kwa sauti ndogo, bila kupunguza wala kutia chumvi: magari mapacha, mashindano, propela iliyoazimwa bila kusema, koleo la kaburini, kichwa kilichoinamishwa. Alipofika hapo mjane alishika nguzo ya baraza, akateremka nayo mpaka akakaa chini.

"Nilimtemea mate," alisema.

Mkono wa mama ulikuwa unapapasa goti lake, unakwenda na kurudi, kama anayembembeleza mtu.

"Kwa hiyo swali nililiuliza kinyume," alisema hatimaye.

"Hakukusudia, mama. Alitaka kuirudisha."

"Najua. Tangu mdogo alikuwa anachukua vitu vya kaka yake. Anarudisha. Siku zote anarudisha. Angeniambia. Ningepiga kelele, ningelia, halafu ningempikia. Aliogopa nini?"

Mama alishika mkono wa kiti, akasimama, akatembea mwenyewe hadi nyuma ya nyumba. Wale wanaume walisimama kumpisha.

"Chimbeni," aliwaambia. "Palepale kando ya mwenzake. Lakini msibanane na lile kaburi. Acheni nafasi katikati."

"Nafasi ya nini, mama?" mmoja aliuliza.

"Yangu. Walipokuwa wadogo wakigombana, nilikuwa naingia kitandani kwao nalala katikati. Usiku mzima wananisukuma, huyu huku, huyu kule. Asubuhi wanaamka wamepatana."

Wanaume walitazamana. Mmoja alipima kwa mpini wa jembe, akachora mstari kwenye udongo uliolowa, kisha akamtazama mama kuuliza kama inatosha.

Mama alisogea, akasimama kati ya kaburi na mstari ule, akajiangalia kulia na kushoto.

"Ongezeni kidogo," alisema. "Mimi si mwembamba hivyo."